Kochi wa kazi: tumlipe au tuache?

Ndugu wasikilizaji wa Eringeti, pamoja nanyi mliohama na mnaoishi Oicha, Beni na Butembo, swali hili linarudi kila mara: je, ni vizuri kumlipa mtu anayejiita kochi, yule anayekuandikia CV na barua ya kuomba kazi, kisha anakufundisha namna ya kujibu siku ya mahojiano? Mara nyingi ni mzazi anayetoa hayo makuta, kwa kuuza kakao kidogo aliyovuna kwa hatari au mbuzi wa mwisho. Basi swali ni la jamaa nzima.

Mawazo yangu ni haya: lipa kazi unayoiona kwa macho, usilipe ahadi.

CV ni kazi inayoonekana. Kijana aliyepata diploma ya serikali, kisha akakaa miaka mitatu bila kugusa kalamu kwa sababu ya kukimbia vita, anaweza kusahau barua rasmi ya Kifaransa inavyoandikwa. Saa mbili na mtu anayejua zitamsaidia. Mahojiano nayo yana mazoezi yake. Watoto wetu wamefundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Mwenye kuajiri anaona woga pale ambapo sisi tunaona adabu. Kochi mzuri atakuonyesha hilo. Lakini kochi anayewapa watu watano barua moja, akibadilisha jina tu, amewaharibia wote watano.

Tena, angalieni kazi zenyewe zinazofika huku. Nyingi ni vibarua: kusafisha barabara, kubeba mifuko siku ya kugawa chakula. Pale ni shefu wa mtaa na kamati ya wakimbizi wa ndani wanaopeleka majina. Hakuna anayekuuliza CV. Na tangazo likitaka digrii na uzoefu wa miaka mitano, kochi hawezi kukuzalia hiyo miaka. Akikushauri udanganye, mwache.

Sasa yule anayesema “niko na mtu wangu ndani, leta dola nipitishe dosie yako.” Huyo si kochi, hata akivaa tai. Mashirika ya Umoja wa Mataifa na ONG nyingi huandika wazi kwenye matangazo yao kwamba hawaombi pesa hatua yoyote. Sisi wa Beni na Butembo tunajua mlango huo unaelekea wapi. Wakati wa Ebola, kuanzia tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018 hadi tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020, kazi za riposte zilikuwa nyingi na wenye njaa walikuwa wengi. Mwezi wa 9 mwaka 2021, tume huru iliyoundwa na OMS ilieleza jinsi wanawake walivyoombwa mwili ili wapewe kazi. Mama, binti yako akiambiwa aende peke yake jioni kwa “kochi” ili dosie ipite, usingoje kuuliza mara mbili.

Serikali nayo ina ofisi ya kuandikisha wanaotafuta kazi, ONEM, iliyoanzishwa mwaka 2002. Kuifikia kutoka huku ni safari, nakubali. Lakini kabla ya kulipa mtu, muombe kwanza mwalimu wa Kifaransa wa mtaani akusomee barua yako. Wengi watakubali bila hata franka moja. Kama bado unataka kochi, jiungeni watatu au wanne, mpatane bei mapema, mlipe nusu, na nusu nyingine kazi ikiisha.

Halafu hesabuni njia. Ukiitwa kufanya test Beni, ni zaidi ya kilomita 50 kwenye barabara namba 4, na pengine utangoje msafara wa wanajeshi. Utahitaji nauli, pa kulala na chakula. Weka hiyo pesa pembeni kwanza. Ikibaki kitu, ndipo umtafute kochi.