Homoni ya kiume hulinda ubongo, lakini si kwa kila kipimo

MNAMO Februari 2025, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliagiza onyo kuhusu hatari ya maradhi ya moyo liondolewe katika maelezo ya dawa za testosteroni, na watumiaji watahadharishwe kuhusu kupanda kwa shinikizo la damu. Wanaoinadi homoni hiyo ya kiume kama tiba ya uchovu, unyonge wa chumbani na hata usahaulifu, bila shaka waliipokea habari hiyo kwa vifijo.

Je, madai yao kuhusu ubongo yana msingi? Yanao, tena thabiti kuliko wengi wanavyodhani.

Mwaka 2001, watafiti mjini Montreal, Canada, walikuza seli za ubongo wa binadamu katika maabara, kisha wakazinyima virutubisho. Zilizotiwa testosteroni zilistahimili zaidi. Kwa kuwa ubongo huweza kuigeuza testosteroni kuwa estrojeni, homoni ya kike ambayo nayo hukinga seli, ilibidi wabaini ni ipi hasa iliyofanya kazi. Walipouzuia mgeuzo huo, kinga ilibaki. Walipokiziba kipokezi cha homoni za kiume, kinga ikatoweka.

Mwaka uo huo, Christian Pike wa Chuo Kikuu cha Southern California alionyesha kwamba homoni hiyo hupunguza vifo vya seli zinazoshambuliwa na beta-amiloidi, protini inayorundikana katika ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer. Baadaye yeye na wenzake walieleza jinsi inavyofanya kazi: homoni huamsha mfululizo wa ishara ndani ya seli, na ishara hizo huizima protini ambayo kazi yake ni kuisukuma seli ijiue.

Aidha, mnamo 2004, watafiti wa Baltimore waliokuwa wamewafuatilia wanaume 574 kwa wastani wa miaka 19 walitangaza kwamba wenye testosteroni nyingi zaidi katika damu walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata Alzheimer.

Hapo ndipo muuza sindano hukomea. Hakwambii kwamba mnamo 2006 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Yale waligundua kuwa testosteroni ikizidi kiwango cha kawaida, seli za neva huweza kufa. Wala hasemi kwamba mnamo 2017, matokeo ya majaribio ya mwaka mzima kwa wanaume 493 wa miaka 65 na zaidi, wenye upungufu wa homoni na kumbukumbu iliyodhoofika, yalionyesha kuwa waliopakwa jeli ya testosteroni hawakukumbuka vyema kuliko waliopakwa jeli tupu.

Wanawake waliyaona haya mapema. Estrojeni pia ilisifiwa maabarani, lakini mnamo 2003 utafiti wa Marekani uliowahusu wanawake 4,532 waliotimu miaka 65 ulibaini kwamba mchanganyiko wa estrojeni na projestini uliongeza maradradufu hatari ya kupungukiwa na akili uzeeni.

Kwa maoni yangu, wanaostahili kuzingatiwa zaidi katika mjadala huu si wazee wanaotamani ujana, bali wagonjwa wa saratani ya tezi dume, mojawapo ya saratani zinazowapata wanaume wengi zaidi nchini Kenya. Wengi wao hutibiwa kwa kuikata homoni hii makusudi, kwani ndiyo inayoilisha saratani. Uchunguzi wa rekodi za wanaume 154,089 nchini Marekani, uliochapishwa mnamo 2019, ulionyesha kwamba asilimia 13.1 ya waliopewa tiba hiyo walipatikana na Alzheimer, ikilinganishwa na asilimia 9.4 ya wasioipata.

Takwimu hizo hazithibitishi kwamba tiba ndiyo iliyosababisha ugonjwa, na saratani isiyozuiwa huua mapema kuliko usahaulifu. Hakuna mgonjwa anayepaswa kuitupa dawa kwa kuzisoma. Lakini ana haki ya kumuuliza daktari kama tiba yake inaweza kutolewa kwa vipindi badala ya mfululizo, na jamaa zake wana haki ya kuambiwa ni dalili zipi za kusahau wazitazame.