Ujenzi holela Sumbawanga: Barabara haifunguliwi na mtu mmoja

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,004,539 mkoani Rukwa. Ile ya 2022 ikakuta 1,540,519. Ongezeko hilo la zaidi ya watu nusu milioni linahitaji pa kuishi, na sehemu yake inaangukia Manispaa ya Sumbawanga.

Kiini cha tatizo ni ardhi. Viwanja vikiuzwa kabla ya kupimwa, kila mjenzi huacha uchochoro anaoutaka mwenyewe. Baadaye bomba, mtaro na gari la zimamoto hukosa njia. Hapo hata mwenye fedha hajiokoi, kwani barabara itakayofika kwake inapita kwa majirani.

Ndiyo maana Programu ya Taifa ya Kurasimisha na Kuzuia Ujenzi Holela ya 2013 hadi 2023 iliwategemea wakazi wenyewe wakubaliane mipaka, waachie maeneo ya njia na wachangie upimaji. Hata hivyo, sehemu mbalimbali nchini wananchi walilalamika kuwa walichanga, lakini hati hawakuziona. Kamati isiyosoma mapato na matumizi mbele ya mkutano wa mtaa huua imani, na imani ikifa hakuna atakayechanga tena.

Lipo pia suala la haki. Mwenye kiwanja kinachomegwa hupoteza, ilhali walio nyuma yake hufaidika. Wanaofaidika hawana budi kumfidia, la sivyo mjane mwenye chumba kimoja ndiye atakayelipia barabara ya wote.

Mfano upo Chamazi, Dar es Salaam, ambako wanachama wa Shirikisho la Maskini wa Mijini, wakiwemo waliohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari, waliunganisha akiba zao wakanunua ardhi na kujenga.

Ufipa, uwanda wenye miti michache, una sababu ya ziada ya kushirikiana. Tofali la kuchoma hula kuni. Tofali la kufungamana, linalohimizwa na Wakala wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, halichomwi na hupunguza saruji ya kuungia. Mashine yake ni mzigo kwa familia moja, lakini si kwa kikundi cha VICOBA.

Manispaa nayo itimize wajibu wake: ipime mapema kuliko madalali. Kuzuia ni nafuu kuliko kubomoa.