Ukinunua nyumba Uingereza, umenunua na masharti yake

Huenda una ndugu, mtoto au rafiki anayeishi Uingereza. Kila akija likizo mwezi wa Desemba, swali huwa ni lile lile: "Umejenga?" Akijibu kwamba ananunua nyumba huko huko ugenini, wazee hushika tama. Wengine hunong'ona kwamba huyo sasa amepotea.

Dada yangu wa Vihiga alikuwa mmoja wa hao. Binti yake ni muuguzi mjini Birmingham na amekaa huko miaka kumi na sita. Ana mume na watoto wawili, na miaka hiyo yote wamekuwa wapangaji. Walipoanza kuweka akiba ya kununua nyumba, dada yangu akatoa lake: binti anunue kwanza nyumba Kitengela, iandikwe kwa jina lake, apangishe, kisha ndipo afikirie ya ugenini.

Usiku mmoja mpwa wangu alinipigia simu. "Mjomba," akaniambia, "nikikataa, nyumbani watasema nimewatupa. Nikikubali, sijui kama tutanunua hapa maishani."

Msomaji, usidhani hilo ni jambo dogo. Familia nyingi zimekosana kwa sababu kama hiyo, na aghalabu kila upande huzungumza bila kujua sheria zinasema nini. Ndiyo maana leo nataka tuketi tuziangalie.

Mtaa walioutamani unaitwa Bournville, kusini mwa jiji la Birmingham. Ikiwa umewahi kunywa kakao ya Cadbury, basi unawajua waliouanzisha. Mwaka 1879 ndugu wawili, Richard na George Cadbury, walikihamisha kiwanda chao kutoka katikati ya jiji wakakipeleka huko, wakati huo kukiwa mashamba matupu. Kuanzia mwaka 1895 George akajenga nyumba nzuri zenye bustani, maana alikerwa na jinsi wafanyakazi walivyobanana katika vichochoro vya jiji. Alitaka nyumba isichukue zaidi ya robo ya kiwanja chake, na katika bustani ikapandwa miti ya matunda. Mwaka 1900 aliukabidhi mtaa huo kwa shirika la wadhamini, ambalo linausimamia hadi leo.

Ni mtaa mtulivu. Pana uwanja wa nyasi katikati, shule yenye mnara wa kengele 48, na stesheni ya gari la moshi. Kutoka hapo mpwa wangu hufika kazini hospitalini kwa vituo viwili tu. Majirani husalimiana juu ya ua wa michongoma, na mazungumzo huanza na hali ya hewa. Kumbisha hodi kwa jirani bila kumpa habari mapema, kama tufanyavyo sisi, ni jambo la kuwashtua.

Hata hivyo, nyumba ya kwanza waliyojaribu kununua haikuwa Bournville. Ilikuwa katika mtaa mwingine wa jiji hilo. Walitaja bei, mwenye nyumba akakubali, wakashikana mikono. Wakamlipa mkaguzi wa kuchunguza kuta, paa na mabomba. Wakamlipa wakili. Wiki ya tisa wakaambiwa kwamba amepatikana mtu mwenye bei kubwa zaidi, na nyumba imekwenda. Mamia ya pauni yakapotea hivyo hivyo, wala hawakuwa na mahali pa kushtaki.

Sisi husema ahadi ni deni. Katika kununua nyumba Uingereza, ahadi ya mdomo si deni. Tangu mwaka 1989 sheria inataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi na utiwe sahihi. Siku mawakili wa pande mbili wanapobadilishana mikataba, mnunuzi hutoa malipo ya kwanza, kwa kawaida asilimia kumi ya bei. Kabla ya siku hiyo kila mtu yuko huru kujitoa. Baada ya siku hiyo, ukijitoa unaweza kuyapoteza malipo hayo. Haya ni ya Uingereza yenyewe na Wales. Uskoti ina utaratibu wake.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba ajenti anayekutembeza nyumbani, akikusifia jikoni na dirisha la sebuleni, ni mtu wa muuzaji. Hata akicheka nawe namna gani, anayemlipa ni muuzaji. Mtu wako ni wakili wako na mkaguzi wako. Na ukitaka kujua nyumba ni ya nani, daftari la ardhi liko wazi kwa mtu yeyote tangu mwaka 1990, kwa ada ndogo tu.

Sasa turudi Kitengela. Walipoanza safari ya pili, wakili mpya alimwuliza mpwa wangu swali ambalo hakulitarajia: "Je, umewahi kumiliki nyumba popote pale duniani?" Hakumwuliza kuhusu Uingereza peke yake. Alisema popote duniani.

Chukua mfano wa nyumba ya pauni 250,000. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025, anayenunua nyumba ya kuishi kwa mara ya kwanza hatozwi ushuru wa ununuzi hadi pauni 300,000, mradi bei yote isizidi pauni 500,000. Kwa hiyo kwa nyumba hii halipi chochote. Lakini ikiwa amewahi kumiliki nyumba ya kuishi, hata kama iko Kitengela, Nyali au Kisumu, yeye si mnunuzi wa mara ya kwanza tena. Atatozwa pauni 2,500. Na ikiwa nyumba hiyo bado ni yake siku anaponunua, na thamani yake ni pauni 40,000 au zaidi, huongezwa asilimia tano ya bei yote, yaani pauni 12,500. Jumla ni pauni 15,000.

Mume na mke wakinunua pamoja, nyumba ya mmoja wao inatosha kuwaponza wote wawili. Kiwanja kitupu ni kitu kingine, kwa kuwa si nyumba ya kuishi. Na wewe unayefikiria kununua ukiwa hapa Nairobi, sheria inakuruhusu, lakini kwa kuwa huishi huko utaongezwa asilimia mbili nyingine.

Wazia, msomaji, kama angekubali bila kuuliza! Dada yangu hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alitaka mtoto wake awe na mahali pa kurudi. Lakini jina moja katika hatimiliki ya Kitengela lingemgharimu binti huyo akiba ya miaka mingi ya kazi za usiku.

Bournville nako kuna masharti yake. Hata ukiwa mwenye nyumba, huwezi kubadilisha madirisha, mlango wa mbele au ua jinsi upendavyo. Unaomba kibali kwa wadhamini kwanza. Tena kuna ada ya kila mwaka ya kutunza viwanja na bustani za mtaa, mbali na ushuru wa baraza la jiji unaolipwa na kila nyumba. Mume wa mpwa wangu alinung'unika: "Nimenunua nyumba au nimenunua mwalimu mkuu?" Lakini ni masharti hayo hayo yaliyouhifadhi mtaa huo kwa zaidi ya miaka mia moja, na ndiyo yaliyowafanya waupende walipouona.

Hatimaye walipata nyumba ndogo ya mwisho wa safu, kwa mkopo wa miaka 30. Juma la kwanza, bikizee wa jirani aliwapitishia kikapu cha tofaa juu ya ua. Alisema mti wenyewe ni mzee kuliko yeye.

Na dada yangu je? Nilikwenda Vihiga nikamweleza yote, pamoja na hesabu ya ushuru. Alinisikiliza kimya. Kisha nikamwambia kwamba George Cadbury alikuwa muumini wa dhehebu la Marafiki, na kwamba hakutaka baa katika mtaa wake. Dada yangu ni Rafiki tangu utotoni, wa kanisa lile lile lililoletwa Kaimosi na wamishonari kutoka Marekani mwaka 1902. Aliinua uso. "Hakuna baa?" akauliza. "Basi angalau wajukuu wangu wako mahali pa watu."

Tulikubaliana hivi: binti atasaidia kuezeka upya nyumba ya wazazi wake, ambayo inabaki kwa jina la baba. Hiyo haimwongezei ushuru hata senti moja. Kitengela itangoja. Sitakudanganya kwamba dada yangu ameridhika kabisa. Hata juzi aliniuliza, "Sasa akizeeka atarudi wapi?" Sikuwa na jibu, wala mpwa wangu hana.

Msomaji, ikiwa una mtu wako ugenini, kabla ya kumwandikisha nyumba, mpe nafasi amwulize wakili wake. Na wewe uliye ugenini, usijifungie na siri. Waeleze wazee hesabu yenyewe kwa tarakimu, maana mzee akielezwa huelewa, lakini akifichwa hudhani amedharauliwa. Hata hapa kwetu, anayenunua nyumba Buruburu au Lang'ata na aulize mapema: mkataba wa ardhi umebakiza miaka mingapi, ada ya mtaa ni kiasi gani, na nani mwenye kauli juu ya lango na ua? Mlango mzuri utauona kwa macho. Masharti huonekana kwenye karatasi tu, na karatasi husomwa kabla ya kutia sahihi.