Gari ni langu, redio bado ni ya Mjapani: Wauzaji watupe namba ya siri

Wauzaji wa magari ya mitumba wana mchezo mmoja. Watakufungulia boneti uone injini ilivyo safi, watakukalisha kwenye viti visivyo na doa, watakuzungusha mtaa mzima ukisikiliza giaboksi. Redio hawaiwashi. Nawe kwa raha ya gari la kwanza, unasahau kuuliza.

Kisha betri inakufa. Fundi anaweka mpya, gari linawaka vizuri, lakini skrini ya redio inaandika CODE, ama inakutolea maandishi ya Kijapani yasiyo na mbele wala nyuma. Kuanzia siku hiyo unatoka Rongai hadi tao ukisikiliza muziki wa simu iliyotumbukizwa kwenye kikombe ili sauti ipande kidogo. Wasee wanakucheka. Mimi naona hakuna cha kuchekesha. Namba ya siri ya redio ni sehemu ya gari kama ufunguo ulivyo, na anayeuza gari bila kuitoa, wala kusema kwamba hana, ameuza bidhaa nusu kwa bei kamili.

Tukumbuke kufuli hii ilitoka wapi. Kuna wakati redio ndiyo iliyokuwa mali ya kuibwa garini. Jijini New York miaka ya 1980, watu walibandika karatasi kwenye vioo vya magari kuwaambia wezi kwamba ndani hamna redio. Watengenezaji wakaja na dawa: redio ikishang'olewa na kukosa umeme, inajifunga mpaka iingiziwe namba. Mwizi akiiuza, mnunuzi amepata tofali. Wazo lilikuwa zuri.

Shida ni kwamba redio haijui tofauti ya mwizi na fundi wa betri. Yenyewe inajua tu kwamba umeme ulikatika. Na gari linalotoka Japani hupitia mikono mingi: mwenyewe wa kwanza, mnada, kampuni ya kuuza nje, meli, bandari ya Mombasa, yadi. Njiani betri hufa au huchomolewa. Kile kikadi chenye namba, ambacho hukaa pamoja na kitabu cha maelezo ya gari, mara nyingi hubaki huko huko. Kwa hivyo kufuli iliyotengenezwa kumzuia mwizi sasa inamfungia nje mtu mwenye logibuku. Mwizi wa Nairobi ya leo wala hana haja nayo. Yeye macho yako kwenye vioo vya pembeni na taa.

Hapo ndipo safari ya Kirinyaga Road huanzia, au Grogan kama wengi tunavyoijua. Kuna mafundi wa kweli huko, wanaong'oa redio, wanasoma namba yake na kuifungua kwa utaratibu. Kuna wengine wa kubahatisha. Anakubonyezea namba mpaka redio inakataa kabisa. Redio nyingi za zamani za Volkswagen, ukikosea mara mbili tu, huandika SAFE na lazima uiache imewashwa kama saa moja kabla ya kujaribu tena. Honda nyingi hukupa nafasi kumi, kisha nazo zinagoma. Bei nayo haina msingi, inategemea fundi ameionaje sura yako na viatu vyako. Na kuna yule atakayekuuzia redio nyingine "safi" bila maswali. Jiulize ilitoka kwenye gari la nani. Tukikosa njia halali ya kupata namba, tunailisha biashara ile ile ambayo kufuli ililetwa kuizima.

Najua jibu la wengi: wachana nayo, weka redio ya Android, maisha yaendelee. Sawa, kama pesa ipo. Lakini kijana aliyekopa kwenye sacco anunue Fit au Axio ya kubebea abiria wa app hana maelfu mengine ya kutupa. Tena kubadilisha si kuchomoa na kuchomeka tu. Kamera ya nyuma mara nyingi huonyesha picha kwenye skrini hiyo hiyo, vitufe vya usukani vimeunganishwa nayo, na fundi wa waya asiye makini anaweza kukuachia hitilafu ya umeme utakayoitafuta mwaka mzima. Hata hivyo, hoja yangu haihusu uzuri wa redio. Hoja ni nani anapaswa kugharamia kile ambacho mnunuzi hakuambiwa.

Sheria iko upande wetu kuliko tunavyodhani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa aliyonunua. Kifungu hicho kinagusa bidhaa za serikali na za watu binafsi pia. Namba inayowasha redio ni habari ya aina hiyo hasa. Vivyo hivyo na ukweli mwingine ambao yadi nyingi hazisemi: redio za zamani za soko la Japani hushika FM ya kuanzia 76 hadi 90, ilhali stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo mpaka 108. Ukiifungua leo, bado utahitaji kifaa cha kushusha masafa ili usikie stesheni unayoipenda. Mnunuzi anastahili kujua haya kabla ya kutoa pesa.

Wapo watakaosema namba zikitolewa ovyo, wezi watafurahi. Ni kweli, ovyo hapana. Lakini anayekuja na logibuku, kitambulisho na namba ya chesi si mtu wa kutiliwa shaka. Kwa magari ya soko la Marekani, Honda ina tovuti ambapo mwenye gari huingiza namba ya chesi na namba ya redio, akapewa namba ya kuifungua. Jambo hili linawezekana. Wanaoagiza magari kwa wingi kutoka Japani wanaongea na wauzaji wa huko kila siku. Kuulizia kikadi kimoja hakuwezi kuwashinda. Na kama kimepotea kabisa, waandike hivyo kwenye mkataba na bei ishuke.

Sisi nasi tuache kununua kwa macho pekee. Ukifika yadi, washa redio. Ikidai namba, itajwe hapo hapo, kabla ya kuweka hata depositi. Ikiwaka, uliza kikadi kiko wapi, kwa sababu kuwaka leo ni kwa vile umeme haujakatika. Fungua kisanduku cha dashibodi, pekua kitabu cha maelezo, angalia stika. Kwa Honda nyingi za zamani, ukishikilia kitufe cha 1 na 6 huku ukiwasha redio, namba yake ya utambulisho huonekana kwenye skrini, ipige picha. Toyota zenye skrini zikijifunga huonyesha namba ambayo mafundi huiita ERC. Hiyo pia ipige picha. Na usitoe kadi ya SD ya ramani ukidhani ni takataka ya Kijapani, kwani skrini nyingine hukataa kufanya kazi bila hiyo.

Na fundi akisema anachomoa betri, mwambie angoje. Kuna vifaa vya kuiwekea redio umeme wakati betri inabadilishwa, na fundi anayeijua kazi yake anavyo au anajua pa kuvipata. Kama hana, na wewe huna namba, betri ikae hapo ilipo mpaka mmoja wenu apate suluhu.

Muuzaji akikuambia "hiyo ni redio tu," mjibu kwamba basi haitamgharimu kitu kukupa namba yake. Akikosa jibu, yadi ni nyingi. Nenda na ganji yako kwa jirani.