Nyasi za Plastiki na Usipa wa Mwaya

Mzazi mwenzangu, wewe wa Mwaya huhitaji kuambiwa masika ni nini. Kiwanja hujaa maji, na mtoto hurudi nyumbani ametapakaa matope. Si ajabu basi kuwapo wanaotamani nyasi bandia, mfano wa zile za Uwanja wa Karume, Dar es Salaam.

Nyasi hizo ni plastiki. Siku hizi viwanda huweza kuzitengeneza kwa plastiki iliyokwisha kutumika, na hilo ni jambo jema. Lakini katikati ya majani hayo humwagwa chembe za mpira, nyingi zikitokana na matairi makuukuu yaliyosagwa. Chembe hizo hutoka na viatu na kusombwa na mvua. Kwa sababu hiyo, mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kukomesha uuzaji wake ifikapo 2031.

Mwaya ina sababu kubwa zaidi ya kujihadhari. Ziwa Nyasa lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Shire, zaidi ya kilomita 500 kusini. Kitakachoingia hapa kitakaa na usipa tunaowalisha watoto wale wale tuliowatandikia zulia.

Basi likija zulia, tuulize kwanza chembe zake ni za nini. Wenzetu kwingine hutumia makumbi ya nazi. Kwa sasa tuchimbe mfereji kiwanjani na kuokota chupa za plastiki kabla mvua haijazichukua. Kinga ni bora kuliko tiba.