Grisi Chini ya Ziwa

Ukiteremka kutoka Mwimbi hadi Kasanga hutasikia honi ya garimoshi, maana reli haikufika Ufipa. Huko mvuke ulikuja kwa maji, ndani ya meli Liemba.

Waundaji wake walikuwa karakana ya Meyer ya mjini Papenburg, Ujerumani, iliyoanza na meli za mbao mwaka 1795. Ni katika miaka ya 1870 ndipo Joseph Lambert Meyer alipogeukia chuma na mvuke. Mwaka 1913 mafundi wa hapo waliiunda meli hiyo, kisha wakaifungua tena, wakaitia katika masanduku yapatayo 5,000! Mafundi watatu, wakiongozwa na Anton Rüter, walikuja kuiunga upya Kigoma pamoja na vibarua wa Kiafrika. Ikashushwa majini Februari 1915.

Julai 1916, vita vikiwaelemea Wajerumani, ikaamriwa izamishwe. Wangeweza kuivunjavunja mitambo. Badala yake waliipaka grisi nene, kisha ndipo wakaizamisha. Nadhani fundi haui kwa urahisi kazi ya mikono yake. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 waliikuta injini ingali nzima.

Mei 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, jina la ziwa ambalo Livingstone alilisikia upande huo wa kusini mwaka 1867. Injini za dizeli zilifungwa katika miaka ya 1970. Hadi hapo, mitambo iliyolala majini miaka minane ilikuwa imewapeleka na kuwarudisha abiria wa Kasanga kwa karibu miaka hamsini.