Kidole hakitoshi kulinda simu

Kisomaji cha alama za vidole kimeacha kuwa anasa. Apple ilipokiweka kwenye iPhone 5s mnamo Septemba 2013, kilikuwa kitu cha wenye nazo. Leo kimo katika simu za Tecno na Infinix ambazo mkulima wa majani chai wa Nyansiongo anaweza kujinunulia bonasi ikishaingia. Muuzaji humwelekeza mteja aguseguse kitufe hadi simu iikariri ncha ya kidole, kisha humhakikishia kwamba sasa hakuna mwingine atakayeifungua. Ahadi hiyo si kweli. Hakuna simu inayokubali kusajili kidole kabla mwenyewe hajaweka nambari, mchoro au neno la siri, na nambari hiyo haiondoki kidole kinapoingia. Ukiizima simu na kuiwasha tena, itakuuliza nambari kwanza. Kidole kikikataliwa mara kadhaa, itakuuliza nambari. Kidole kimekupunguzia tu kazi ya kuandika. Ulinzi wenyewe bado umekaa pale pale ulipokuwa.

Watetezi wa kidole huja na hesabu, na hesabu yao ni sahihi. Apple yenyewe ilisema uwezekano wa kidole cha mtu mwingine kufungua simu yako kwa bahati ni mmoja katika 50,000, ilhali nambari ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000 pekee. Lakini mwizi hashindani na mlango ulio imara ilhali ule wa nyuma umeegeshwa. Akikipuuza kidole na kugusa skrini, anapelekwa moja kwa moja kwenye nambari, na hapo michanganyiko 10,000 hupungua ghafla, kwa sababu watu hawachagui nambari ovyo ovyo. Wanachagua 1234, 0000, au mwaka waliozaliwa. Huo wa mwisho ndio mbaya kuliko yote hapa Kenya. Kila anayetoa pesa kwa wakala wa M-Pesa huweka kitambulisho chake juu ya meza, na tarehe ya kuzaliwa imeandikwa pale kwa herufi ambazo hata aliyesimama nyuma kwenye foleni anaweza kuzisoma. Zaidi ya hayo, kitambulisho na simu mara nyingi husafiri katika mkoba mmoja, hivyo anayeiba kimoja ameiba vyote viwili.

Kisha kuna mikono yenyewe. Kisomaji hufanya kazi kwa kutofautisha matuta membamba ya ngozi na mabonde yaliyo kati yake, nayo matuta hayo huliwa na kazi. Mtu anayechuna majani mawili na kichipukizi tangu alfajiri, kikapu mgongoni na umande ukimlowesha, hufika kituo cha kupimia akiwa na vidole vilivyopasuka na kuwa vyeusi kwa utomvu. Kule Tabaka, wanaosugua vinyago vya mawe kwa msasa na maji hujisugua ngozi pamoja na jiwe. Kwa watu hawa simu hukataa kidole asubuhi, ikakikubali Jumapili, ikakikataa tena Jumatatu. Serikali ilishakutana na tatizo la mitambo isiyoaminika: baada ya vifaa vya kutambua wapigakura kukwama katika vituo vingi mwaka 2013, sheria ya uchaguzi ilirekebishwa mapema 2017 ili pawe na njia nyingine mitambo inaposhindwa. Njia nyingine ya simu ni nambari. Kwa mchunaji chai, hiyo ndiyo njia ya kila siku, na akiichagua vibaya hana pengine pa kukimbilia.

Atasema mtu kwamba nambari huchunguliwa. Ni kweli. Katika matatu iliyojaa kutoka Keroka kwenda Sotik, jirani uliyebanana naye anaweza kuona vidole vyako vikigusa wapi, na kidole kikisomwa haoni kitu. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wa kidole, nami naikubali yote: ukiwa mbele ya watu, tumia kidole. Ila kumbuka kidole kinakuruhusu nini. Kwa kuwa huandiki nambari mara hamsini kwa siku, huna tena sababu ya kuifanya fupi. Weka tarakimu sita au zaidi, zisizotokana na kitambulisho wala nambari ya gari, na zisiwe zile unazotumia M-Pesa. Wengi hufanya kinyume kabisa, wakaiacha nambari ikiwa legelege kwa kuwa hawaioni tena. Simu ikifunguka na nambari ya M-Pesa ikawa ndiyo hiyo hiyo, anayeishika hamalizi salio tu. Anaweza kukopa Fuliza, na deni likabaki kwa jina lako.

Hofu nyingine ni ya kuigwa kidole, na hii naiona imetiwa chumvi. Mwaka 2002 mtafiti wa Japani, Tsutomu Matsumoto, alidanganya visomaji kwa vidole vya jelatini, na siku chache tu baada ya iPhone 5s kuanza kuuzwa, wadukuzi wa Chaos Computer Club wa Ujerumani waliifungua kwa kidole bandia. Kazi hiyo inadai alama safi, vifaa na subira. Mnyakuzi wa simu kwenye stendi hana muda huo. Wala alama yako haiendi kwa serikali. Katika simu nyingi za leo hubaki ndani ya kifaa, tena si kama picha bali kama maelezo ya kihesabu. Wakenya wana sababu ya kushuku. Kuanzia 1920 wakoloni waliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande chenye alama za vidole, na Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba uzinduzi wa kadi za utambulisho za Huduma Namba ulikiuka sheria ya kulinda data. Lakini hizo ni hazina za alama zilizo mikononi mwa wengine, jambo tofauti na kisomaji cha simu.

Hatari iliyo karibu zaidi imo nyumbani. Aliyelala hawezi kuzuia kidole chake kugusishwa kwenye kitufe. Na anayeijua nambari yako, awe mwana, mke, mume au mfanyakazi, anaweza kuingia katika mipangilio akasajili kidole chake kando ya chako, kwa kuwa simu hupokea vidole kadhaa. Programu ya benki iliyotengenezwa kwa makini hujifunga alama mpya inapoongezwa, lakini si busara kuishi kwa kutegemea umakini wa mtengenezaji. Fungua mipangilio uhesabu vidole vilivyosajiliwa. Ukikuta kimoja zaidi ya vyako, kifute na ubadilishe nambari siku hiyo hiyo. Na unapolala ugenini, au unapopita mahali usipopaamini, izime simu kabisa. Ikiwashwa, kidole cha yeyote hakitafaa kitu hadi nambari iandikwe.